Uzalendo wa stori za jaba

Wasee wa Meru na Embu, leo sitaongea kwa upole. Nimenyamaza sana na nimechoka.

Kuna hoja tatu nazisikia kila mahali: kwa matatu ya Makutano, kwa kinyozi Embu, kwa grupu za WhatsApp za vijana wa kanisa. Ya kwanza: Marekani ni taifa la Kikristo na inatulinda dhidi ya Waislamu. Ya pili: Mkenya mzalendo lazima asimame na Marekani kwa kila vita. Ya tatu: Muislamu wa Kenya achague, dini ama nchi.

Zote tatu ni stori za jaba. Na kinachonichoma zaidi ni kwamba zinatoka kwetu, watu ambao jaba ndiyo imetusomesha.

Mnanijua. Mimi ni Mkristo, nimebatizwa, mathee wangu hakosi ibada. Chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipokatika, kwa hivyo usiniambie nimejazwa nadharia na maprofesa. Hii nimeisoma mwenyewe, kwa simu, usiku, bando la usiku likiwa bei nafuu. Tuanze.

Kwanza, nani alikulipia karo?

Mzee wangu ni wa Igembe, mathee ni wa Mbeere. Yaani upande mmoja miraa, upande mwingine muguka. Usinielewe vibaya, mimi sitafuni. Lakini kila daftari nililoandikia lilitoka kwa hiyo majani.

Sasa nikuulize, nani anaila? Alfajiri miraa inachumwa Nyambene, inafungwa kwa majani ya mgomba, gari linashuka kwa ile kasi mnaijua, mchana mzigo uko Eastleigh na mwingine unapaa kwenda Mogadishu. Ukienda Maua ama Laare utakuta wanunuzi Wasomali wamekaa hapo miaka mingi, wanajua bei ya giza na alele kuliko wewe. Muguka ya Mbeere nayo inateremka Mombasa na Kilifi. Sehemu kubwa ya wateja wetu ni Waislamu. Huo ndio ukweli wa mfuko wako.

Na hawa Wazungu unaowaita ndugu zetu katika imani? Uholanzi ilifunga soko la miraa 2013. Uingereza ikafunga Juni 2014, na hapo kuna kichekesho: baraza la wataalamu wa dawa la serikali yao wenyewe lilikuwa limewaambia mwaka uliotangulia kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa kuipiga marufuku. Wakaipiga marufuku tu. Marekani ndiyo hata usijaribu. Ukishuka airport yao na kifurushi cha kangeta, wewe ni mtu wa dawa za kulevya, unashikwa.

Wacha niwe mkweli pande zote. Mogadishu pia ilitufungia, Machi 2020, na wakulima wakalia miaka miwili. Lakini soko hilo lilifunguliwa tena Julai 2022, kwa sababu watu walikaa chini wakaongea. London haijafungua. Nataka ujiulize polepole: kwa nini yule aliyekufungia kabisa unamwita rafiki, na yule anayenunua kila siku unamwita gaidi?

Mei 2024, Kaunti ya Mombasa ilipopiga muguka marufuku na Kilifi ikafuata, niliona mambo mtandaoni hadi nikaona aibu. Watu wa kwetu wakaandika eti hii ni vita ya Waislamu dhidi ya Wakristo wa bara. Ati jihad. Jihad gani, buda? Soma kilichosemwa. Wazazi wa Pwani walikuwa wanalalamika kwamba watoto wa shule wanatafuna. Hayo ni malalamishi ya mzazi yeyote, hata wa Runyenjes. Unaweza kuyapinga kwa hoja ya sheria, na hivyo ndivyo ilivyofanyika: mambo yakafika Mahakama Kuu ya Embu, amri ya Mombasa ikasimamishwa, na Rais akasema muguka inalindwa na sheria ya mazao. Hakukuhitajika msalaba wala mwezi na nyota. Kulihitajika wakili.

Hoja ya kwanza: "Marekani ni taifa la Kikristo na inatulinda"

Wiki hiyohiyo tulipokuwa tunapigana na Mombasa kuhusu muguka, Rais wetu alikuwa Washington. Tarehe 23 Mei 2024 Biden akatangaza kwamba Kenya itakuwa mshirika mkubwa wa Marekani nje ya NATO, nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kupewa hiyo heshima. Wasee wakashangilia. Nikaona mtu ameandika, "Mungu ameunganisha mataifa mawili ya Kikristo."

Sasa fungua hiyo orodha uone nani wengine wako ndani. Misri. Jordan. Kuwait. Bahrain. Morocco. Pakistan. Tunisia. Qatar. Umeona? Tumejiunga na meza ambayo karibu nusu ya walioketi wanafunga Ramadhani. Kama hiyo orodha ni ya Kikristo, basi hata mimi ni Imamu wa Jamia.

Marekani haiangalii dini ya mtu. Inaangalia bandari, mafuta, kambi za jeshi na nani ananunua silaha zake. Tazama hesabu yenyewe. Januari 2017 Trump anaingia tu ofisini, anazuia watu wa nchi saba za Waislamu wasiingie kwake: Somalia, Sudan, Libya, Yemen, Syria, Iraq na Iran. Wakimbizi Wasomali waliokuwa wameshatolewa Dadaab, wako Nairobi wakisubiri ndege, wakarudishwa kambini. Sawa, useme anaogopa Uislamu. Lakini Mei mwaka huohuo safari yake ya kwanza kabisa nje ya nchi inaenda wapi? Riyadh. Saudi Arabia, nchi yenye Makka. Kusaini mikataba ya silaha ya mabilioni ya dola.

Ukitaka nyingine, chukua Syria. Ahmed al-Sharaa alikuwa na zawadi ya dola milioni 10 juu ya kichwa chake, amewekwa na Marekani yenyewe kama mtu wa al-Qaeda. Mei 2025 Trump akamsalimia kwa mkono, hukohuko Riyadh. Huyo alikuwa gaidi, sai ni mheshimiwa. Dini yake haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kiti alichokalia.

Na usidhani hii ni tabia ya Trump peke yake. Obama, ambaye tulimwita mtoto wa nyumbani, alienda Cairo Juni 2009 akatoa hotuba tamu sana kuhusu mwanzo mpya kati ya Marekani na ulimwengu wa Kiislamu. Katika utawala wake huohuo ndege zisizo na rubani zilipiga Yemen na Somalia. Maneno kwa mkono mmoja, kombora kwa mwingine.

Mimi siwalaumu sana. Kila nchi inatafuta maslahi yake. Ninachokataa ni wewe, mtoto wa Chuka ama wa Siakago, kuchukua maslahi ya nchi ya watu na kuyageuza kuwa imani yako. Diplomasia si ibada. Usiipigie magoti.

Hoja ya pili: "Mzalendo anasimama na Marekani"

Hapa nataka tuende polepole kwa sababu kuna makaburi.

Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani pale Moi Avenue na Haile Selassie. Watu 213 walikufa Nairobi. Wamarekani walikuwa 12. Wengine karibu wote walikuwa ni sisi: makarani, wachuuzi, wanafunzi, watu waliokuwa kwa basi, Wakristo na Waislamu wamelala pamoja chini ya kifusi cha Ufundi. Waliolipua walikuwa al-Qaeda, waliwaua watu ambao hawakuwa na ugomvi nao, na hakuna aya inayoweza kuwasafisha. Hilo liko wazi.

Lakini fuata pesa. Mwaka 2020 Sudan, ili iondolewe kwenye orodha ya Marekani ya nchi zinazofadhili ugaidi, ilikubali kulipa dola milioni 335 kwa waathiriwa wa mashambulizi, hilo la 1998 likiwemo. Zilienda kwa raia wa Marekani na waliofanyia ubalozi kazi. Yule mama wa Kenya aliyekuwa anapita tu na kupoteza macho kwa vioo hakuwa kwa hesabu. Damu yetu ilimwagika kwa vita vyao, na wakati wa kugawa fidia tukaambiwa tukae nje ya mlango.

Halafu kuna jambo ambalo wengi wenu hamjui kwa sababu hakuna anayelifundisha. Februari 2007 Mkenya anayeitwa Mohammed Abdul Malik Bajabu alikamatwa Mombasa. Serikali yetu ikamkabidhi kwa Wamarekani, akaishia Guantanamo, Cuba. Walimshuku kwa mambo ya al-Qaeda. Sawa, kama kuna ushahidi, mpeleke kortini, mfunge. Hakushtakiwa. Si mwaka wa kwanza, si wa kumi. Alirudishwa Kenya Desemba 2024, baada ya karibu miaka 18, bila kesi hata moja. Wakati alipochukuliwa mimi nilikuwa naanza kutambaa. Aliporudi nilikuwa nimeshaanza chuo na kuacha.

Sasa nieleze, uzalendo ni nini? Mimi nilidhani ni nchi kusimama na raia wake, hata yule tusiyempenda, angalau hadi jaji aseme. Kama serikali inaweza kumpakia Mkenya kwa ndege ya wenyewe bila kumwonyesha hakimu, basi huo si uzalendo, ni udalali.

Na kama unadhani urafiki huo mkubwa unakulinda wewe, kumbuka tarehe. Biden alitia sahihi ile hadhi ya mshirika tarehe 24 Juni 2024. Kesho yake, tarehe 25 Juni, vijana wa umri wako wakapigwa risasi nje ya Bunge. Hakuna ndege iliyokuja kutulinda siku hiyo. Mshirika ni serikali, buda. Si wewe.

Hoja ya tatu: "Muislamu achague, dini ama nchi"

Hii ndiyo inaniudhi zaidi kwa sababu inasemwa na watu ambao hawajawahi kuulizwa.

Kuna mtu yeyote amewahi kukuuliza wewe Mmethodisti wa Kaaga uchague kati ya kanisa na Kenya? Al-Shabaab wakiua, Muislamu wa Majengo anatakiwa aombe msamaha asubuhi. Mchungaji akifungia watu msituni Shakahola wafe njaa kwa mamia, 2023, mimi na wewe tuliombwa tuombe msamaha kwa niaba ya Wakristo? Hata siku moja. Tulisema, "Huyo si mmoja wetu." Basi mpe jirani yako nafasi ya kusema maneno hayohayo.

Najua utaniambia nini. Utaniambia Garissa. Na uko na haki. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa pale chuo kikuu, wengi wao wanafunzi, na wauaji walikuwa wanawatenga kwa dini. Walikuwa watoto wa mabweni, rika letu. Mandera, Novemba 2014, abiria 28 wa basi waliuawa kwa njia hiyohiyo. Hayo siwezi kuyapunguza na sitajaribu. Mzazi aliyezika mtoto wa Garissa akiwa na hasira, mimi nitanyamaza nimsikilize.

Lakini kama utanihesabia Novemba 2014, uhesabu na Desemba 2015. Barabara hiyo ya Mandera, basi lingine, wauaji walewale, amri ileile: Waislamu kando, Wakristo kando. Abiria Waislamu wakakataa. Kina mama wakawapa Wakristo vitambaa vya kujifunika kichwa. Mwalimu mmoja, Salah Farah, naibu mwalimu mkuu, akapigwa risasi kwa kukataa kutengwa, na Januari 2016 akafa kwa jeraha hilo. Aliambiwa achague, kwa mtutu wa bunduki, si kwa WhatsApp. Akachagua abiria mwenzake. Wewe unayemwambia Muislamu achague umechagua nini maishani, kando na simu?

Katiba ya 2010 imesema hakuna dini ya taifa, na kila mtu ana uhuru wa kuabudu. Hata mahakama za Kadhi zinazowakosesha usingizi ziko hapo tangu uhuru, kwa sababu ukanda wa Pwani uliingia Kenya ukiwa na makubaliano na Sultani wa Zanzibar. Hazikuletwa jana kwa siri. Na haziwezi kukuhukumu wewe Mkristo hata ukitaka.

Kile ambacho mlishangilia kimetufikia

Hapa ndipo nataka kila mtu wa Embu asome mara mbili.

Muswada wa kupambana na ugaidi wa 2003 ulikataliwa, kwa sababu Waislamu na watetezi wa haki walisema ni mpana mno, unaweza kumnasa yeyote. Marekani ilitaka sana Kenya iwe na sheria kama hiyo. Mwaka 2012 tukaipata. Aprili 2014 ikaja Usalama Watch, maelfu ya watu, wengi Wasomali, wakasombwa Eastleigh na wengine wakafungiwa uwanjani Kasarani. Sisi huku juu tukasema, "Wacha washughulikiwe." 2015 mashirika mawili ya haki ya Pwani, MUHURI na Haki Africa, yakawekwa kwa orodha ya washukiwa wa ugaidi na akaunti kufungwa, hadi mahakama ya Mombasa ikasema hakuna ushahidi. Kosa lao lilikuwa kuhesabu vijana wa Kiislamu waliokuwa wanapotea. Kuchukuliwa na gari lisilo na alama, simu inazimwa, mama anazunguka vituo vya polisi. Miaka yote hiyo wakipiga kelele, sisi tuliita hizo kelele za Waislamu.

Desemba 2024 gari kama hilo lilifika mjini Embu. Kijana wa miaka 24 alichukuliwa akiwa kwa kinyozi, kwa sababu ya picha mtandaoni. Jina lake mnalijua, tuliandamana tukiliita. Alirudi tarehe 6 Januari 2025, na familia ilipitia Krismasi bila kujua kama yuko hai. Hakuwa Muislamu. Hakuwa Msomali. Alikuwa mmoja wetu.

Na baada ya maandamano ya 25 Juni 2025, vijana walioshikwa mitaani wakafikishwa kortini wakishtakiwa kwa ugaidi. Sheria ni ileile ya 2012. Ugaidi, wasee. Mtoto wa mkulima wa kahawa, gaidi.

Umeona venye inafanya kazi? Chombo kinatengenezwa kwa jina la kumkabili adui wa mbali. Kinajaribiwa kwanza kwa mtu ambaye hutamtetea. Kikishanolewa, kinarudi nyumbani. Mama wa Mombasa aliyelia 2013 na mama wa Embu aliyelia 2024 walikuwa wanalilia gari moja. Tofauti ni kwamba wa kwanza alilia peke yake.

Na nyinyi wa upande ule pia

Usidhani nimewasahau ndugu zangu wa Majengo na Isiolo mnaonitumia moyo kwa kila posti. Kama wewe ni mmoja wa wale wanaosema Garissa ilikuwa njama ya Wamarekani, ama kwamba al-Shabaab wanapigania Uislamu, hatuko pamoja. Wanaolipuliwa sokoni Mogadishu kila mwaka ni Waislamu. Kuichukia sera ya Washington hakumfanyi muuaji kuwa shujaa. Ukimtetea, unampa yule wa kwetu anayekutukana risasi ya bure.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu, na uniweke hapo. Dini yangu inaniambia jirani ni nani, na ule mfano wa Msamaria mnaujua: aliyesaidia ndiye alikuwa wa kabila na dini iliyodharauliwa. Nchi yangu ni hawa watu milioni hamsini na kitu, mmoja mmoja, kila mmoja na haki ya kuona hakimu ndani ya saa 24. Marekani ni nchi ya watu, tufanye nayo biashara, tuulize bei, tusome mkataba kabla ya kupiga makofi.

Wiki ijayo mzigo utashuka tena kutoka Maua na Kiritiri kwenda Eastleigh na Mombasa. Kabla uandike lile neno juu ya Muislamu, muulize mzee wako pesa za wiki hii zilitumwa na nani. Atakutajia jina, na si jina la Kimarekani.